Mgeni wa Mwisho Ajengewe Kwanza

Wengine Mungu huwapa sauti ya kuimba kanisani, wengine mkono wa kuotesha maharage hata kwenye changarawe. Tharsisi wa Busunzu alipewa ulimi wa kusema viongozi. Alikuwa fundi mwashi, na kila aliyewahi kumsaidia kazi aliijua ratiba yake: ukuta ukiwa kwenye msingi anaanza na wakubwa wa kule juu kabisa, ukuta ukipanda, yeye anashuka, lenta inapomwagwa ameshamalizana na diwani na yuko kwa balozi wa mtaa. Nyumba ikiezekwa hana tena wa kumsema, inabidi atafute kazi nyingine.

Shule aliiachia darasa la nne, na hilo nalo lilikuwa kosa la mwalimu mkuu.

Sasa mtu wa namna hiyo, wenzake wakimchoka, wana dawa moja tu. Wanampa cheo.

Kulikuwa na Chama cha Mafundi Ujenzi Tusimame, pale Kibondo mjini. Kilianzishwa kwa sababu fundi hujengea watu mpaka saruji ikamla vidole, halafu jioni anarudi kulala kwenye chumba ambacho mvua inamjua kwa jina. Basi mafundi wakapatana: kila Jumamosi, mwashi, seremala, fundi lipu na fundi bomba waende wote kwa mwenzao mmoja, wamkwamulie kazi iliyomkwama. Mwenye kazi atoe vifaa na ugali, wenzake watoe mikono. Jumamosi inayofuata kwa mwingine, na kuendelea.

Mwenyekiti wa kwanza alijijengea geti. Kisha akajijengea choo cha wageni. Alipowapeleka watu kumwezekea mama mkwe wake banda la kuku, ndipo mkutano ukaitishwa na Tharsisi akasimama.

"Kiongozi anakula wa mwisho," alisema. "Kuku wa mama mkwe wanalala kwenye bati jipya, mimi mwanachama natega sufuria kitandani. Ndiyo nchi hii. Ingekuwa mimi ndiye ninayekaa hapo, ningesema jina langu liwekwe chini ya wote. Nijengewe siku ambayo hakuna tena wa kujengewa."

Alisema "ingekuwa mimi" kama mtu anavyosema "ningekuwa ndege". Hakutegemea kuruka. Wenzake wakapiga makofi, wakampa kiti hapohapo, na lile la kujengewa wa mwisho wakalipitisha kuwa sheria, maana ni mara chache mtu kuja na kamba yake mwenyewe.

Nyumbani mkewe, Ange, alikuwa anachambua maharage. Ange alitoka Muyama. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakapewa uraia, wakalima, wakazeeka. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Kwa hiyo wewe ni wa mwisho," alisema.

"Wa mwisho. Si kama wale walafi."

"Foleni ya hospitali ina mwisho, kwa sababu jioni wanafunga dirisha. Hiyo yenu inafungwa saa ngapi, Mwenyekiti?"

"Siasa huzijui wewe, mama."

"Sizijui," alikubali Ange, akaendelea na maharage yake. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena jina jingine. Mwenyekiti njoo ule. Mwenyekiti, bati linavuja pale pale.

Mwanzoni kiti kilimkaa vizuri. Alinunua kalamu ya kuchomeka mfukoni, ingawa hakuwa na la kuandika. Ila wanachama walikuwa wachache, na mafundi wa mjini walipoalikwa waliuliza swali moja: nikiingia leo, zamu yangu itafika lini? Ukimwambia mtu awajengee wengine wote kwanza, wakati chumba chake kimesimama kwenye usawa wa dirisha na nyasi zinaota ndani, atakuamkia vizuri na hutamwona tena.

Ndipo Tharsisi akatunga sheria ya pili, na hii aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kujenga. Mgeni ajengewe kwanza. Anayeingia leo, Jumamosi ni yake. Akiingia mwingine kesho, huyo wa kesho anamtangulia. Mgeni wa mwisho ndiye wa kwanza. Waliokuwepo wasubiri, wao si wenyeji? Mwenyeji hamtangulii mgeni kwenye sahani.

Ilifanya kazi kama moto kwenye nyasi za Agosti. Watu wakaingia. Tusimame wakapandisha kuta, wakapiga lipu, wakamwaga jamvi la zege, na barabarani watu wakasimama kuwatazama. Tharsisi akatengeneza hata fulana za bluu zenye jina la chama mgongoni.

Kisha wale waliojengewa wakaanza kuugua migongo. Mgongo ulikuwa ugonjwa wa wanachama waliokwisha kuezekewa; hakuna hata mmoja aliyeugua kabla ya bati. Wengine wakawa na harusi. Wengine mihogo ikataka kung'olewa Jumamosi hiyohiyo, mihogo ambayo ilikaa ardhini mwaka mzima bila haraka. Simu zikawa hazipatikani. Fulana za bluu alikutana nazo huko mjini kwenye kazi za kulipwa, zikipokea sifa za chama.

Siku moja alimfuata mmoja wao nyumbani. Akamsikia ndani akikohoa. Akagonga, akaita, akasukuma. Mlango haukutikisika, kwa sababu ulikuwa umetundikwa na Bazilio, seremala bora wa Tusimame, kwenye fremu iliyojengewa na Tharsisi mwenyewe kwa timazi. Alisimama pale nje akiutazama ukuta wake. Ulikuwa umenyooka kabisa. Hakupata hata ufa wa kuchungulia.

"Serikali ndiyo inayowaharibu hawa," alimwambia Ange jioni.

"Serikali ndiyo iliyowaambia waingie leo wajengewe kesho?"

Akahamisha sufuria chini ya bati.

Ange aliugua wakati wa mvua za masika, na hakuchelewa. Tharsisi alilaumu dawa, akalaumu barabara, akalaumu waliopaswa kuleta dawa na waliopaswa kutengeneza barabara, na wote hao kwa pamoja hawakumrudishia mkewe. Wanachama waliobaki walikuja wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wanawe wawili walitoka machimboni Geita, wakakaa matanga, wakarudi machimboni. Mvua ikaendelea. Kile kichuguu cha udongo kikadidimia, nyasi zikaota, na mbuzi wa jirani wakapaona pazuri.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Manirambona akapiga simu. Huyu alikuwa kaka yake Ange, mbadilisha fedha mpakani Manyovu, mtu aliyezoea kushika noti na kujua kabla hujasema kwamba ni bandia.

"Mulamu," alisema, maana kwao shemeji huitwa hivyo. "Jumapili ya wiki ijayo tunakuja kuganduka. Tumalize kilio cha dada yetu, watu wavue majonzi. Tutafika Jumamosi mchana, tulale."

"Karibuni, mulamu."

"Mama anakuja pia. Haoni vizuri, lakini mkono wake unaona. Atataka kulishika kaburi. Limejengwa?"

Tharsisi alikuwa amesimama kwenye migomba. Mbuzi mmoja alikuwa amelala palepale, anacheua.

"Linajengwa," alisema.

"Vizuri. Fundi ni wewe, nani atakufundisha."

Hapo ndipo tatizo lilipolalia. Kwa watu wa huku, kaburi hujengwa na watu. Mfiwa hashiki mwiko. Mume akionekana anamjengea mkewe kwa mkono wake mwenyewe, wapita njia hawasemi ana bidii. Wanasema huyu hana watu. Na kuleta mafundi wa kulipwa ni kusema neno hilohilo kwa kipaza sauti, hasa ukiwa wewe ndiye mwenyekiti wa mafundi. Bikizee angeweka kiganja kwenye udongo uliodidimia, basi, angejua. Binti yake aliolewa na mtu asiye na mtu.

Angeweza kuwaambia Bazilio na Niyubahwe, katibu wa chama: jamani, nisaidieni. Neno lenyewe ni fupi. Lakini miaka yote aliwasema waliojihudumia kwanza, na lile neno kila akilipandisha lilifika kooni likageuka hotuba. Isitoshe, Tusimame ilikuwa imebaki na watu wa kuhesabu kwa vidole, na yeye akajiambia jambo ambalo kiongozi yeyote hujiambia akibanwa: tatizo ni uchache wa wanachama. Nikapate wapya, zamu ziende upesi, yangu ifike.

Akapanda basi kwenda Kasulu.

Nje ya duka moja la vifaa vya ujenzi, karibu na stendi, alimkuta kijana amekalia bunda la nyaya za umeme, kahawa chungu mkononi, na wenzake wakimzunguka wakicheka. Aliitwa Lukmani. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapo Kasulu na ndugu zake wengine walikuwa Ujiji. Yeye alikuwa fundi umeme.

"Asalaam aleikum, vijana."

"Waaleikum salaam, mzee wangu. Karibu kahawa."

Tharsisi akakaa, akawaeleza Tusimame tangu msingi. Lukmani akasikiliza vizuri, kwa sababu mkewe alitoka Kibondo na huko alikuwa na kiwanja, na kwenye kiwanja kulikuwa na kuta zilizofika dirishani zikakata tamaa.

"Yaani nikiingia leo, Jumamosi mnakuja kwangu."

"Wote."

"Kabla sijamjengea mtu hata tofali."

"Kabla."

"Na nikishajengewa nikatoka nduki?"

"Hutatoka. Una sura ya uaminifu."

Maneno hayo alishamwambia kila mtu, na yule aliyekohoa nyuma ya mlango pia.

"Freshi," alisema Lukmani. "Na wewe, mzee wangu, chama kimekujengea nini?"

"Mimi ni mwenyekiti."

"Hiyo nimeisikia. Kimekujengea nini?"

Tharsisi akanywa kahawa kwa pupa, akaungua ulimi, na hakuweza hata kupumulia mdomo hadharani. "Kimenijengea heshima."

Lukmani akawageukia wenzake. "Heshima ina vyumba vingapi?"

Wakacheka mpaka mwenye duka akatoka kutazama. Lakini waliingia. Lukmani aliingia, na wenzake wawili watatu wakaingia naye, kwa sababu hata kama mwenyekiti hakuwa na kitu cha kuonyesha, Jumamosi ya bure ni Jumamosi ya bure.

Tharsisi akarudi na basi la jioni akiwa amejaa kifua. Miaka mingapi mafundi wa Kibondo hawakuwahi kumtoa mtu Kasulu. Alimweleza hivyo abiria wa pembeni yake. Walipokuwa wanapita Makere ndipo hesabu ilipomfikia, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye tofali. Wale vijana wote walikuwa wageni. Wageni wote walikuwa mbele yake. Kama asingekwenda Kasulu, angekuwa nyuma ya wachache. Sasa alikuwa amesafiri na kulipa nauli ili awe nyuma ya wengi.

"Kuna nini, mzee?" aliuliza abiria.

"Viongozi," alisema Tharsisi. "Viongozi wa nchi hii hawana akili."

Kikao kilifanyika Alhamisi adhuhuri kwenye kibanda cha useremala cha Bazilio, watu wamekaa juu ya mbao. Vijana wa Kasulu walikuwepo, maana Jumamosi ilikuwa ya Lukmani na alitaka kuhakikisha. Niyubahwe, mwanamke fundi lipu mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, alifungua kwa sala, kisha akampa mwenyekiti nafasi.

Tharsisi akaeleza umuhimu wa makaburi kwa ujumla. Akasema taifa lisilotunza makaburi limepotea. Akasema wakubwa wanajengewa makaburi ya marumaru na wananchi wanalaliwa na mbuzi. Akaifikia mvua ya masika, akafafanua tabia ya udongo mwekundu. Vijana wa Kasulu wakatazamana. Bazilio, ambaye huongea kidogo kwa kuwa misumari haimtoki mdomoni, aliendelea kupiga randa ubao wake.

"Mzee," Niyubahwe akamkata. "Unataka tumjengee mama Ange?"

Randa ikanyamaza.

"Nasema kwa ujumla," alisema Tharsisi.

"Sisi hatujengi kwa ujumla. Tunajenga kwa mtu."

"Sheria iko wazi. Mimi ni wa mwisho."

"Sijauliza sheria. Nimeuliza unataka?"

Tharsisi akaichomoa ile kalamu, akaitazama kama ni ya mtu mwingine, akairudisha.

Niyubahwe akavuta ubao akasogea karibu. "Nikwambie kitu, mzee, na usinikasirikie. Kwetu mtu akiita watu kwenye pombe, anayeonja kwanza ni mwenye mtungi. Anavuta kidogo na mrija, watu wakaona hajaanguka, ndipo wanakaa. Wewe umetuita, umeweka mtungi katikati, ukakaa pembeni umefunga mdomo. Miaka yote. Wanaokuja wanakutazama. Wanasema, huyu mwenye pombe mbona hagusi? Basi wanavuta harakaharaka kabla haijawadhuru, wanakimbia. Halafu unawafuata nyumbani unagonga milango."

"Mimi sinywi," alisema Lukmani, "lakini hilo limeingia. Hata mimi pale Kasulu nilijiuliza."

"Wewe uliuliza, si kujiuliza," mwenzake akamwambia.

"Nilijiuliza kwa sauti."

Tharsisi akasema, polepole, kwamba yeye hakutaka kufanana na wale. Wale wa geti. Wale wa kuku.

"Hukufanana nao," alisema Niyubahwe. "Kuku wana bati. Mama Ange hana hata tofali."

Hakulisema kwa ubaya, lakini likaingia lilipotakiwa kuingia.

Basi wakarudi kwenye sheria, na sheria ilikuwa imejengwa na fundi. Kila walikogusa ilikuwa ngumu. Mwenyekiti ni wa mwisho. Mgeni ni wa kwanza. Jumamosi ni ya Lukmani. Macho yote yakamwendea Lukmani, naye akajikuna kidevu.

"Mzee wangu, pole sana kwa msiba. Ila mimi saruji imeshashushwa, mchanga umeshashushwa, mke ameshatangaza kwao. Na nikuulize kama mwanao: hiyo sheria ndiyo iliyonitoa Kasulu. Ukiivunja Jumamosi hii kwa sababu wewe ni mwenyekiti, Jumamosi ijayo utaivunjia kwa nani?"

Tharsisi alitaka kumchukia, akashindwa. Maneno hayo angeyasema yeye mwenyewe, tena kwa kirefu zaidi.

Bazilio akatoa msumari mdomoni. Akatoa wa pili. Watu wakangoja, maana walijua akifikia wa tatu ana jambo.

"Jiuzulu," alisema.

"Nini?"

"Jiuzulu uenyekiti. Toka na uanachama. Kisha ingia upya." Akaonyesha mlango na nyundo. "Ukiingia hapo utakuwa mgeni. Mgeni wa mwisho. Lukmani aliingia wiki hii, wewe utakuwa umeingia sasa hivi. Sheria yako."

Kibanda kizima kikalizunguka lile jambo kutafuta mahali lilipopinda. Halikupinda popote.

"Noma," alisema Lukmani kwa heshima. "Hapo sina neno. Mgeni ni mgeni."

Tharsisi akainuka. Kwa muda watu walidhani atahutubia. Akaichomoa ile kalamu mfukoni akampa Niyubahwe, akatoka nje kwenye jua. Ilikuwa hatua chache tu kutoka ubao hadi mlangoni, lakini aliziendea kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji. Nje akasimama. Ng'ambo ya barabara mtu aliyevaa fulana ya bluu alipita na baiskeli, akajifanya hamwoni.

Akabisha hodi.

"Karibu," alisema Niyubahwe kutoka ndani. "Wewe ni nani, na umeletwa na nani?"

"Tharsisi. Wa Busunzu. Mwashi."

"Nimemleta mimi," alisema Bazilio, misumari imesharudi mdomoni.

"Unataka tukujengee nini?"

Ndivyo kila mgeni alivyoulizwa, na aliyelitunga swali ni yeye. Alikuwa ameshawasikia watu wengi wakilijibu bila taabu: chumba, ukuta, choo. Alisimama kwenye machujo ya mbao, mikono haijui pa kukaa.

"Kaburi la mke wangu," alisema. "Anaitwa Ange. Mama yake anakuja Jumamosi, na mimi peke yangu siwezi."

Hakumtaja kiongozi hata mmoja.

Niyubahwe alijifuta pua kwa kilemba. "Swali la mwisho. Ukishajengewa, utakaa au utakimbia?"

"Nitakaa."

"Wote husema hivyo," alisema Bazilio.

Kabla ya kufunga kikao wakamchagua Niyubahwe kushika kiti kwa muda, naye jambo lake la kwanza lilikuwa kutamka kwamba lile la kiongozi kuwa wa mwisho limekufa, na kwamba baada ya Tharsisi na Lukmani, lipu ya sebule yake itafuata. Tharsisi, mwanachama mpya wa dakika chache, akainama kwa jirani yake. "Umeona?" alinong'ona. "Hata hajakaa vizuri kwenye kiti. Ndiyo nchi hii."

Jumamosi walikuja asubuhi na mapema, wengi kuliko alivyotazamia. Lukmani alichukua mifuko miwili ya saruji yake na kuibeba kwenye pikipiki. Walichimba ule udongo uliodidimia, wakashindilia mawe, wakapanga tofali za kuchoma, na Niyubahwe akaikoroga lipu yake mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu. Mwenye kazi haruhusiwi kugusa chombo. Wakamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kivulini, wakampa chai.

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alimwona Lukmani, mtu wa nyaya, akipanga kozi ya pili ya tofali huku imevimba tumbo. Akafungua mdomo.

"Mgeni haongei," alisema Niyubahwe bila kugeuka.

Akaufunga. Alikunywa chai. Watu walikuwa wanacheka pale juu ya Ange, wanataniana, mtu akaimba, mwingine akamwambia sauti yake ingefaa kufukuzia nyani shambani. Ange angependa hilo. Tharsisi akagundua kwamba siku ile ya maziko hakuwa amewatazama watu hawa usoni. Alikuwa na shughuli ya kulaumu. Sasa hakuwa na kazi nyingine, akawatazama mmoja mmoja. Chai ikapoa mkononi, macho yakamchuruzika, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi hakuna aliyemwambia anyamaze.

Gari la kukodi kutoka Manyovu liliingia wakati Niyubahwe anapiga niru juu, saruji laini inang'aa kama maji. Manirambona akashuka na suti yake ya kaki, akamshusha mama yake. Akasimama akatazama umati unaotoka jasho kwenye migomba, kisha akamwona shemeji yake kivulini, amekaa, kikombe mkononi.

"Mulamu," alisema. "Kweli umekuwa kiongozi."

Tharsisi alianza kumweleza kwamba alikuwa kiongozi zamani, wakati hajakaa namna hii, na kwamba sasa amekaa kwa sababu si kiongozi. Yalikuwa maneno mengi na hayakuwa yakinyooka. Akaacha.

Bikizee alifikishwa pembeni ya kaburi. Niyubahwe akamshika mkono, akamwambia juu bado bichi, mama, shika ubavuni. Akashika ubavuni. Kiganja kikapita kwenye ile kozi ya pili yenye tumbo, kikarudi, kikapita tena.

"Hapa pamevimba," alisema.

"Ni mimi, bibi," alisema Lukmani. "Mimi ni wa umeme."

Bikizee akaacha mkono palepale. "Hawa wote ni watu wako?" alimuuliza mkwewe.

"Ndiyo, mama," alisema Tharsisi. "Wengine nimewafahamu juzi."

Bikizee akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaomba kiti.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Lukmani. Kulipopambazuka Tharsisi alikuwa kitandani Busunzu, na mgongo ulikuwa unamuuma. Kweli kabisa ulikuwa unamuuma, chini kidogo upande wa kushoto, na alishangaa, kwa maana siku zote alidhani wale jamaa walikuwa wanadanganya. Akalala akiusikiliza. Aliwaza pia mihogo. Aliwaza kwamba chama siku hizi kinaongozwa vibaya, mwenyekiti anajiwekea sebule yake mbele, na mtu mwenye msimamo hana sababu ya kushiriki mambo kama hayo.

Simu ikaita. Alikuwa Niyubahwe.

"Mgeni, uko wapi?"

"Niko njiani," alisema Tharsisi, akaanza kutafuta suruali kwa mguu.